Dirii Niliyoanza Kuifumua

Watu husema hasira hasara. Mimi hasara yangu ilianza siku nilipokubali kwenda mtaa wa Observatory kufumua vazi la vita la Waturuki wa kale.

Nasuka nywele mtaa wa Berea, mji huo huo, kwenye chumba nilichopanga na wenzangu wawili. Mteja wangu mmoja, mwanamke wa kwetu Lubumbashi, hufanya kazi za ndani kwa bibi mmoja wa Kizungu. Marehemu mume wa yule bibi alikusanya silaha za Kituruki maisha yake yote. Sasa bibi alitafuta mtu mwenye vidole vyepesi na subira, mteja wangu akanitaja.

Nikatandaziwa juu ya meza ya chakula shati zito la pete ndogo za chuma, maelfu, kila pete imepita ndani ya nne nyingine na kufungwa kwa ribiti, kimsumari kilichogongwa kichwa. Neno dirii nililijua kanisani tu. Sikufikiri ni kitu cha kushikika. Pindoni fundi alichanganya pete za shaba na za chuma zikatoa pembetatu, safu kwa safu. Kila pete imegongwa maandishi ya Kiarabu, madogo kama mayai ya chawa. Bibi alisema ni dua za kumlinda anayevaa. Alitaka nizitoe moja moja aziuze za kutundika kwenye mikufu. Shati zima, aliniuliza, nani atalivaa leo?

Ningepaswa kuondoka pale pale. Sikuondoka. Nilichukua tupa na koleo nikaanzia pindoni, na aibu yangu ni kwamba niliifurahia kazi. Nasaga kichwa cha ribiti, nafungua pete bila kuipinda, naipanga juu ya kitambaa. Siku tatu, pembetatu zote zikaisha.

Siku ya nne nikahamia chini ya kwapa la kushoto. Hapo pete zilikuwa nene, hazina maandishi, zimefungwa haraka haraka. Mtu alichomwa silaha pale, na mwingine akaketi kuziba tundu ili mwenzake arudi vitani akiwa salama. Nimeficha vipara vingi kwa mikono hii. Kazi ya mtu mwenye huruma naijua nikiiona. Nikamwita bibi nikamwonyesha. Akasema hizo mbaya niziweke kando, hakuna atakayezinunua.

Nilichemka. Nikamwomba wiki moja nirudishe pindo lote, bure. Akasema dua ni dua, hata ikiwa kwenye pete moja. Nikamjibu kwa Kiingereza changu kibovu kwamba pete moja haizuii hata sindano. Zilimlinda yule mtu kwa sababu zilishikana. Nikatupa koleo mezani nikarudi Berea kwa miguu, nikijiona shujaa.

Wiki mbili nilimsimulia kila aliyeketi kwenye kiti changu. Wengine walinipongeza. Kisha yule mteja wangu akaja kusukwa, nikamuuliza dirii iko wapi.

"Ule mama alileta bwana moya na makasi ya kukata kufuli," akasema kwa Kiswahili cha kwetu, ambako yaya ni dada. "Hakufungula hata moya, yaya. Alikata pete nusu, zikaharibika, juu apate nusu nzima. Asubuhi moya, ikaisha."

Pete nilizozitoa mimi zilikuwa nzima. Fundi yeyote angeweza kuzirudisha. Laiti ningebaki pale, ningechelewesha kazi, ningejifanya mgonjwa, ningemchosha yule bibi mpaka achoke na mpango wake. Lakini nilitaka kusema neno langu na kubamiza mlango, nikamwachia nafasi mwenye makasi. Bibi nilimchukia, ndiyo, ila siku ile nilijichukia zaidi.

Nikauliza habari za zile nene za kwapani.

"Mi mwenyewe nilizitupa ku pipa," akasema. "Alinituma."

Nikauvuta msuko uliofuata kwa nguvu mpaka machozi yakamlengalenga. Hakuwa na kosa lolote. Ila hapakuwa na mwingine mikononi mwangu.