Washirika au Washiriki

Nilirudi Kenya na stashahada moja, masanduku mawili na chuo kikuu kizima. Wenzangu wa Bungoma wakirudi kutoka ng'ambo huleta runinga, au gari la mtumba. Mimi nilileta chuo kikuu. Kule nilianza kwa kuosha vioo vya maabara, miaka mitatu nimesimama mbele ya sinki, na siku nilipoondoka profesa wa maabara ile, mama aliyekuwa akinipita bila kuniangalia, alikuwa ananiuliza utafiti wake wa homa tuanzie wapi. Nikamwambia Kitale. Watu wenye shahada tatu tatu walikuwa wamemwandikia barua miaka nenda miaka rudi. Aliyesikizwa ni mimi.

Utafiti wenyewe ni rahisi kueleza. Pande zetu mtu hushikwa na homa, hupimwa malaria, haipatikani, na bado hupewa dawa ya malaria. Homa huenda, kisha hurudi. Tulishuku mifugo na maziwa mabichi. Tulitaka damu ya wakulima, chupa mbili kwa kila mtu, kutoka Saboti hadi Kimilili, isafirishwe hadi maabara ya profesa ambako kuna mashine tusizokuwa nazo. Hospitali ya Kitale upande wetu, chuo upande wao, na mimi katikati. Cheo changu kilikuwa mratibu. Nilikiandika kwenye mlango wa ofisi kwa herufi ambazo ungezisoma ukiwa barabarani.

Fomu ya ridhaa, ile ambayo mkulima husomewa kabla ya kutoa damu, niliitafsiri mwenyewe. Chuo kilipendekeza mtaalamu wa Nairobi. Nilikataa. Niliimaliza kwa siku mbili na kuipeleka kwa mzee mwenye duka la kuchapa mjini Kitale, Singasinga aliyelirithi duka hilo kwa baba yake na anayeijua Kitale kuliko sisi tuliohamia mtaa wa Tuwan juzi. Aliisoma yote akiwa amesimama, miwani imeshuka hadi ncha ya pua.

"Daktari," akaniita, kwa utani wake wa siku zote, "hawa watu wa kutolewa damu umewaita washirika. Si ni washiriki?"

Nikamwambia ni kitu kimoja. Jioni akanipigia simu kuuliza tena. Nikamjibu, "Mzee, chapa tu bana. Mimi ndiye nimeandika."

Akachapa.

Siku ya mkutano na wakulima tulikuwa ukumbi wa kanisa Kimilili, na profesa, aliyekuja kuuanzisha utafiti, alikuwa amebakiza siku mbili kabla ya kupanda ndege. Garini alikuwa ameniambia bila kuzunguka: chuo chake kina mwaliko mwingine, nchi jirani, na kule maabara iko tayari. Wakulima wa hapa wakisita, ushirikiano unahamia huko. Nilimwambia hawa ni watu wangu, asihofu. Nilijua pia kwamba ukihama, mlango wangu ungebaki na maandishi tu.

Nilisoma fomu kwa sauti, ukurasa hadi ukurasa, na nilisoma vizuri. Nilipouliza kama kuna swali, alisimama mama mmoja mwenye sweta ya kijivu. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili aliyestaafu, na sasa ndiye mwenyekiti wa kikundi cha wauza maziwa. Nusu ya ukumbi ilikuwa imepita mikononi mwake darasani.

"Swali langu ni la lugha tu," akasema, na watu wakacheka, maana walimjua. "Ukurasa wa kwanza unasema sisi ni washirika. Ukurasa wa pili unasema damu yetu itakuwa mali ya chuo. Sasa ni mshirika gani huyo asiyeweza kuuliza mali yake imeenda wapi?"

Kicheko kikakatika. Mwanamume mmoja nyuma akasema, "Hata ng'ombe ya kushirikiana, kila mtu anajua siku yake ya kukamua."

Profesa akaniinamia kuuliza wanasema nini. Nikamwambia kwa Kiingereza, haraka haraka, kwamba mama anaulizia kosa dogo la chapa.

Kosa langu la pili lilikuwa hilo, na lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Ukumbi ule nusu yake wanajua Kiingereza, na mwalimu alikijua kuliko mimi. Alikuwa ameuliza kwa Kiswahili kwa makusudi, kisha akasimama kusikiliza nitakavyomfasiri.

"Sijasema hivyo, mwanangu," akasema polepole. "Mwambie vile nilisema."

Nikamjibu kwamba, kwa kweli, mwalimu, mpiga chapa ndiye aliyekosea.

"Mpiga chapa huchapa kile ameletewa. Nani alimpelekea?"

Niliona miwani ya yule mzee wa duka kwenye ncha ya pua yake, kama ameketi benchi la mbele.

"Ni mimi," nikasema. Kisha nikamgeukia profesa na kumfasiria yote, neno kwa neno, pamoja na ng'ombe.

Profesa hakukasirika, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alieleza kwamba fomu ya Kiingereza inasema washiriki, yaani watu wanaojiunga na utafiti kwa kutoa damu, na kwamba mkataba umepita kwa mawakili wa chuo. Hauwezi kubadilishwa ukumbini. Fomu ya Kiswahili itachapwa upya, sahihi. Nikafasiri, safari hii bila kuongeza wala kupunguza.

Mwalimu akatikisa kichwa kama mtu anayesahihisha daftari. "Kwa hivyo tumeshushwa cheo tukiwa tumekaa hapa hapa."

Hawakufoka. Walipita mmoja mmoja, wakaweka fomu mezani, moja juu ya nyingine, kingo zimelingana, hakuna hata moja iliyotiwa sahihi. Wakanipa mkono na kunitakia safari njema. Soda tulizonunua zilibaki kwenye kreti.

Tukarudi Kitale. Karibu na Kamukuywa profesa alitoa simu, akaangalia tarehe ya ndege, akairudisha mkobani.

Asubuhi yake tulikutana hotelini kwake, Kitale, kwenye meza ya chai. Alikuwa ameshaamua: nirekebishe herufi ile moja, kesho asubuhi turudi Kimilili, wakikataa basi. Aliongea kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mfanyakazi mahali pa kuweka funguo.

Mimi si mtu wa kunyamazishwa na upole. Nilimwambia herufi nitaibadilisha mchana huohuo, lakini kuisoma ukumbini ataisoma yeye, na wa kumfasiria atakuwa mwalimu. Akaniuliza kama ninajiuzulu. Nilikuwa sijalifikiria hilo.

"Niliosha vioo vyako miaka mitatu," nikamwambia. "Hakuna siku hata moja mtu aliniambia chupa zile zilikuwa na nini ndani. Nilikuwa mshiriki. Hawa nimeshawaita washirika mbele ya kanisa lao, na siwezi kurudi kuwaambia nilidanganya."

Aliniangalia kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuniangalia kule kwao. Kisha akachukua simu akaenda kwenye bustani ya hoteli.

Nilikaa mezani kwa muda wa saa tatu. Chai ilipoa, ikaondolewa, ikaletwa nyingine ikapoa. Nilimwona kupitia dirisha akitembea kwenda na kurudi, mkono mmoja hewani, na sikuweza kujua anatetea upande gani. Nilianza kuhesabu ni nani hapa Kitale angemwajiri mtu wa stashahada aliyepoteza chuo kikuu kwa sababu ya irabu.

Aliporudi, alikuwa ameandika kwenye kikaratasi. Chupa moja ya kila mkulima itabaki kwenye friza ya hospitali, Kitale. Ile nyingine haitafanyiwa kazi yoyote nje ya homa bila kamati ya wakulima kuulizwa. Majibu yatasomwa Kimilili kwanza, kabla ya kusomwa mahali pengine popote. Neno litabaki washirika. Mawakili walikuwa na sharti moja tu: nisiachiwe tena kutafsiri peke yangu. Kila ukurasa wa Kiswahili upitiwe na kutiwa sahihi na mtu mwingine, na wakulima ndio watakaomchagua.

Hamna haja ya kuuliza walimchagua nani. Kesho yake fomu zilizochapwa upya zilitiwa sahihi zote, mwalimu akiwa wa kwanza, na profesa akapanda ndege yake.

Leo wageni wakija husifu neno lile, husema ni busara ya mtu anayejua watu wake, na mimi huwaacha waseme. Ushirikiano ungali hai, na aliyeuleta ni mimi. Lakini wiki iliyopita nilipeleka fomu mpya dukani Kitale, kazi safi, kurasa sita. Mzee akashusha miwani, akazifunua zote hadi ya mwisho, akanirudishia.

"Daktari," akasema, "sahihi ya mwalimu iko wapi?"

Nikageuza gari kuelekea Kimilili.