Maji Utosini mwa Mwanangu

Mpangaji wetu sikumpenda tangu mwanzo, na sababu ninazo. Mtu anayeuliza swali lile lile kila siku ana anachokitafuta.

Ilikuwa Pongwe, miaka ya hamsini, nami ni mke kijana mwenye mtoto wa kwanza. Nyumba ilikuwa ya mavyaa wangu, mama wa mume wangu, aliyesomesha watoto Kurani barazani asubuhi, na alasiri akasuka ukili wa mikeka uani. Chumba cha nyuma alikaa mtu wa bara, fundi wa mitambo ya mkonge, na mkewe. Wakatoliki. Mke, na huyo ndiye mpangaji ninayemsema, hakuwa na mtoto, wala hakusema kwa nini.

Mavyaa akamfundisha kusuka ukili, na hapo mabishano yakaanza.

"Bibi," aliuliza mpangaji, "kama Mungu alijua Eva atalila lile tunda, mti aliupanda wa nini?"

"Ili wachague," mavyaa akajibu bila kuinua macho. "Ibilisi hakumshika mtu mkono. Alitia wasiwasi tu, miguu ikaenda yenyewe. Wala hakwenda Hawa peke yake, nyie mnamwonea. Walikwenda wote wawili."

"Sisi tumefundishwa kwamba dhambi ile tumeirithi. Tunazaliwa nayo."

"Kurithi? Shamba ndilo hurithiwa. Wale walitubu, Mola akawasamehe, yakaisha. Mtoto anazaliwa msafi kabisa."

"Hata mchanga wa siku moja?"

"Huyo ndiye hasa."

Mpangaji akamtazama mwanangu aliyelala mkekani. Kesho yake akauliza tena, na kesho kutwa tena. Mavyaa alifurahi kupata mtu wa kubishana naye. Mimi niliyekaa kando nikichagua mchele niliona jambo jingine: kila akitaja mtoto mchanga, macho yake yalimwendea wangu.

Halafu jirani mmoja aliyewahi kufua nguo katika hospitali ya misheni akaninong'oneza. Wakristo, mtoto akizidiwa, hawamngoji padri. Yeyote aliye karibu humwagia maji kichwani, akasema maneno yao, basi, mtoto kishakuwa wao. Tangu siku hiyo nilimfunga mwanangu mgongoni kwa kanga, nikapika naye, nikafua naye. Mavyaa alinicheka, akaniuliza kama namficha mwewe asimwone.

Siku moja mavyaa alikwenda Kigombe msibani. Mtoto alikuwa na homa, hatimaye akalala, na mtungi wangu ulikuwa mkavu. Nikakimbia kisimani. Niliporudi nilimkuta mpangaji amekaa kizingitini kwangu, mwanangu mapajani, kata ya maji mkononi. Maji yalikuwa yakimtiririka mtoto utosini, na midomo ya yule mwanamke ilikuwa ikicheza.

Nikaitupa ndoo, nikamnyang'anya mtoto.

"Umemfanya nini mwanangu?"

"Degedege, dada. Nimesikia analia, nikamkuta anakakamaa. Nimempoza."

"Na hayo uliyokuwa ukiyasema?"

Akaiokota ndoo yangu, akaiweka kizingitini, akaenda chumbani kwake. Jioni homa ilishuka, hasira yangu haikushuka. Nilimwosha mtoto kichwa upya, nikasugua kweli kweli, kana kwamba maji yanaweza kuoshwa kwa maji.

Mavyaa aliporudi nilimwambia wazi: huyu ahame leo, au mimi narudi kwetu na mtoto wangu. Akamwita mpangaji uani, akaniketisha na mimi.

"Ulimbatiza mjukuu wangu?"

"Hapana, bibi."

"Muongo mkubwa!" nikasema.

"Nilitaka," akasema yeye. Hakuwa ananitazama. "Nilidhani anakufa. Maji ninayo, maneno nayajua, na hapakuwa na wa kunizuia. Nikayaanza, nikayaacha. Nikaishia kumwomba Mungu apone tu."

"Kwa nini uliyaacha?" mavyaa akauliza.

"Wangu alikufa siku aliyozaliwa, kabla ya maji. Kule kwetu nikaambiwa hatamwona Mungu, kwa ajili ya dhambi ile ya kurithi. Hata makaburini hawakumlaza na wenzake." Akamgeukia mavyaa. "Kila siku nakuuliza, bibi, ili nikusikie ukisema tena kwamba ni msafi. Ningembatiza huyu, ningekuwa nimekubali kwamba wangu amefungiwa nje."

Mavyaa, mwenye jibu la kila kitu, aliuacha mkono juu ya ukili, hausuki.

"Alikuwa wa kike au wa kiume?"

"Wa kike."

"Yuko peponi, mwanangu. Na ukitaka kuniuliza tena kesho, niulize."

Kisha akanigeukia. "Mpe mtoto ampakate."

Nilitaka kukataa. Ushahidi sikuwa nao, na mpaka leo sinao, isipokuwa maneno yake mwenyewe, na mtu aliyekamatwa hakosi maneno. Lakini nilimhurumia, nisifiche, niliumia kwa ajili ya yule mtoto aliyelazwa peke yake. Mavyaa hakurudia kusema. Hakuna aliyenishika mkono.

Nikampa. Akamlaza kifuani, akafumba macho. Nami nikasogea, goti langu likagusa lake, nikakaa nikiiangalia midomo yake.