Wikendi ya kula Lubumbashi

Mwaka jana wifi yangu, dada ya bwana yangu, alisukuma kando bukari, ugali wetu, niliyomsongea hapa Likasi, mbele ya wageni, akasema kwake Lubumbashi wanakula vya kizungu. Niliweka moyoni.

Juzi akanialika wikendi nikaone. Ijumaa alinilisha kwa Wagiriki, Jumamosi kwa Walebanoni, Jumapili kwa Wahindi. Vilikuwa vitamu, nilimaliza vyote.

Jumapili jioni mama mkwe wake akapita kunisalimia, akauliza kama nimekula vizuri. Kwetu, asiyepewa bukari hajala, hata ashibe namna gani.

“Tangu vendredi siyakula, mama,” nikasema, yaani tangu Ijumaa sijala.

Mama yule aliinuka, akaingia jikoni, akamuuliza wifi unga uko wapi. Hakukuwa na unga. Mimi nilikuwa nimeshanawa mikono.