Apua wa Chumba cha Kugusa

Apua ni jirani yetu hapa Lodwar, lakini alizaliwa Kakuma, upande wa mji, si kambini. Miaka tisa alichoma makaa akiwauzia wakimbizi, na Kiswahili alikipata kwao. Ndiyo maana chake kina Kikongo kidogo na Kiarabu cha Juba. Nyumba ya sanaa ilipofunguliwa Lodwar, walitafuta mama anayejua kusuka vikapu vya majani ya mkoma na asiyeogopa wageni. Wakampata yeye.

Walimpa chumba cha mwisho. Vyumba vya mbele mtu anatazama tu, mikono nyuma. Kwa Apua unagusa. Kuna shanga za kupanga, udongo wa kufinyanga, karatasi ndefu ukutani ya kuchorea kwa mkaa, na chai ya bure. Katikati msanii mmoja wa Nairobi alipanga ekicholong kumi na mbili. Hivyo ni viti vidogo vya mti, wanaume wa Kiturkana hutembea navyo mkononi. Mchana ni kiti, akilala ni mto. Karatasi ndogo kando ya viti ilisema: keti popote.

Wanafunzi waliketi. Wazungu waliketi. Wazee wa mjini walifika mlangoni, wakaangalia, wakarudi. Mwezi ukaisha, watu wazima wa Lodwar walioingia ni wanne. Mkubwa wa nyumba, tunamwita Madam, akamwambia Apua kwamba mwezi mwingine ukiwa hivyo, chumba kitakuwa stoo na kazi yake imeisha. Apua alijua ataenda wapi. Angerudi kwa makaa.

Sasa, mwanamke hakalii ekicholong ya mwanaume. Apua alijua tangu utoto. Lakini aliniambia alifikiri kitu kikiingia pale na kuandikiwa karatasi kimekufa, hakina mwenyewe tena. Kwa hiyo na yeye aliketi, akisuka.

Jumanne moja alikuja Emuria, mzee anayechonga mabakuli karibu na mto. Akasalimia ejok. Apua akaitikia bila kuinuka. Mzee akaangalia kile kiti muda mrefu.

“Mtoto wa Ebenyo,” akasema, akimwita kwa jina la baba, “hapo umekalia ndugu yangu.”

Ndugu yake alikufa Lokori, na watoto wakauza vitu vyake. Ile kamba ya ngozi ya kushikia kiti, Emuria aliikata mwenyewe. Apua akainuka. Mzee hakugomba, alienda zake tu.

Kesho yake Apua akampelekea tumbaku. Emuria alitafuna kwanza. Apua akamwambia yote, habari ya stoo pia, akamwomba aje afundishe watu kuchonga.

“Nyumba ambayo wanawake wamekalia wanaume, siingii.”

“Nikiviondoa?”

“Usiondoe. Tundika juu, kama nyumbani. Na hiyo chai mtie sukari. Nasikia ni ya wagonjwa.”

Apua hakumuuliza Madam, kwa sababu Madam angeuliza Nairobi, na Nairobi ingechukua mwezi. Alhamisi jioni alitundika viti vyote kumi na viwili ukutani kwa kamba zake. Chini akatandika ngozi za mbuzi alizozitoa kwake, na mikeka.

Ijumaa Emuria alikuja na wazee watano, kila mmoja na kiti chake mkononi. Waliketi kama wako kwao. Mmoja aliangalia ngamia aliyechorwa na wanafunzi, akauliza kama ni ngamia ama mbuzi mwenye jipu. Akachukua mkaa, akarekebisha nundu. Walibishana juu ya miguu mpaka saa saba mchana. Wake zao walikuja kuwatafuta, wakaona ngozi, wakaketi, wakaanza kuchambua shanga na kusema zimepangwa vibaya.

Madam alisimama mlangoni. Akamwita Apua kando, akauliza nani alimruhusu. Apua akasema hakuna. Madam akasema ile ilikuwa kazi ya mtu, imepangwa hivyo na mwenyewe, na sasa imeharibiwa. Halafu akahesabu vichwa kwa kidole. Akarudia kuhesabu.

Mwishoni akasema chumba kitabaki. Lakini msanii atapigiwa simu, atakuja kutoka Nairobi na hasira zake, na wa kumjibu ni Apua, si yeye.

“Aje tu,” Apua akasema. “Atanikuta.”

Akaingia ndani kuongeza maji kwenye birika.