Sikio na Kompaila Mpya

Kwenye kiwanda cha nguo walimwita Sikio. Miaka thelathini na mmoja alisimama kati ya mitambo ya kufuma, na fundi mkuu alimuuliza yeye kwanza kabla ya kufungua boksi la vifaa, maana kwa mlio tu alijua upi unaumwa. Mara moja alisikia kitu akanyamaza, kwa kumwogopa msimamizi mkali kama pilipili. Jora zima likatoka na kovu katikati. Hilo hakulisahau.

Alipostaafu alibaki na mtambo mmoja tu: kompyuta kuukuu ya binti yake, ya aina ambayo dunia imeshaitupa, juu ya meza ya cherehani. Binti alikuwa mmoja wa watu wanaotengeneza kwa kujitolea mfumo wa kompyuta usiouzwa, kila mtu ruksa kuusoma na kuurekebisha. Miaka kumi na mmoja yeye ndiye aliyeulea kwenye mashine za aina ile. Sasa wenzake walikuwa wameamua kubadilisha kompaila, ile programu inayogeuza maandishi ya watu kuwa amri za mashine. Aina yoyote ya mashine itakayoshindwa kujenga mfumo mzima kwa kompaila mpya, na kuwaka nao, mpaka Alhamisi saa sita mchana, inafutwa kwenye orodha. Na miaka kumi na mmoja ya binti inakwenda na maji.

Kazi ilianza Jumatatu. Binti alikwenda ofisini, mama akabaki mlinzi kwa sharti moja: asiguse kitu.

Jumatano asubuhi, akikunja nguo, Sikio akainua kichwa. Kompyuta ilikwaruza, ikatulia, ikakwaruza. Mkwaruzo uleule, kituo kilekile. Akapiga simu. Binti akamwambia kompaila mpya ina tabia zake, atazizoea, akatania kwamba mama ana hamu ya kurudi zamu.

Mama akakaa na shati mapajani, halikunjiki. Na kama ni uzee tu? Mzee akipiga simu mara mbili watu huanza kutazamana. Akalikumbuka lile jora, akapiga tena.

"Mwanangu, mtambo unaofanya kazi hubadilisha sauti. Huu tangu saa mbili unarudia palepale."

Binti akajibu: "Nakuja."

Kweli. Mashine ilikuwa inashindwa kwenye faili moja kubwa, inajirudisha nyuma, inashindwa tena. Kumbukumbu haikutosha, kwa kuwa ilibebeshwa mafaili mawili kwa pamoja. Binti akaipangia moja moja. Hakutania tena.

Alhamisi saa tano na nusu ujenzi ukaisha. Ikabaki kuizima na kuiwasha. Kioo kikabaki cheusi. Dakika moja, mbili, tano. Binti akasema basi, imekufa.

"Nyamaza kwanza," mama akasema, akainamisha sikio mpaka likagusa bati. Ndani kitu kiligonga mara tatu, kikapumzika, kikagonga mara moja, kama kilivyogonga kila asubuhi tangu mashine iingie nyumba ile.

"Imeamka."

Kioo kilikuwa bado cheusi. Binti akaishika meza kwa mikono miwili, hakupumua. Mstari wa kwanza wa maandishi ulipojitokeza, akaanza kuwaandikia wenzake kuwa imewaka, akikosea herufi na kufuta. Ujumbe uliondoka saa sita kasoro dakika nane. Mama alikuwa ameshamwekea mapajani nusu ya nguo zilizobaki kukunjwa.