Mpunga Wangu Mbele ya Wenye Vinu

Siku yangu ya kwanza katika kituo cha utafiti wa kilimo, hapa Kindu, nilipewa kibano na bahasha za karatasi. Kazi ilikuwa kuchavusha mpunga: unafungua ua, unaondoa chavua yake, unalipaka ya mpunga mwingine, halafu unalifunika. Nilijiona daktari bingwa, kumbe bingwa mwenyewe alirudi nyumbani na mgongo unaouma.

Zamani hizo mbegu mpya ziliamuliwa Kinshasa. Sisi tulituma uzito wa mavuno, kamati ikasoma na kupiga muhuri. Mkulima hakuulizwa neno.

Vita vilipokuja, njia zikakatika na kamati ikawa haifikiki. Mkuu wetu wa kituo, mama mwembamba asiyependa maneno mengi, akaandika kanuni mpya kwa mkono wake: hakuna mbegu itakayogawiwa kabla wakulima hawajaitwanga, kuipika na kuipigia kura. Angeweza kufukuzwa kazi kwa karatasi ile. Mpaka leo namvulia kofia.

Wa kwanza kupimwa ulikuwa mpunga wangu. Ulikuwa jasho la misimu sita, na mavuno yake yaliishinda mipunga yote kituoni. Ungepita, ningepandishwa cheo. Lakini mashine ya kukoboa ilikuwa imelala kwa kukosa mafuta, kwa hiyo mama mmoja mkulima kutoka kijiji cha Tunda aliutia kinuni. Alitwanga, akapepeta, akanionyesha ungo.

“Papa agronomu, iko inavunjika yote. Tutakula chenga?”

Kura zote zilinikataa. Nilimfuata Mkuu ofisini, machozi karibu.

“Mama Shefu, kwa sheria ya Kinshasa ungepita.”

“Sheria ya Kinshasa haijui kinu. Hawa wamama njo wanatwanga, njo wanaamua. Rudia kazi.”

Nilinuna mwezi mzima. Kisha nikaomba mbegu ya yule mama wa Tunda, mpunga mgumu usiovunjika, nikauchavusha na wangu. Baada ya misimu kadhaa, mtoto wao alipita kwa kura zote. Leo mpunga huo unalimwa hadi Lokandu.

Sasa nimestaafu. Juzi jimbo liliifanya kanuni ile kuwa sheria, na watafiti wa mbali walikuja kujifunza kwetu. Mgeni mmoja akauliza, kwa utani, ni mpunga wa nani ulioangushwa wa kwanza. Mama Shefu, ambaye siku hizi anatembea kwa fimbo, alijua jibu lakini akanyamaza, kunistiri.

Nilisimama mwenyewe, na moyo wangu ulikuwa na fahari ambayo cheo hakikuwahi kunipa.

“Ile ya kwanza njo yangu,” nikasema. “Na wamama walikuwa na haki.”