Santuri Niliyoifunika Jina

Katika klabu yetu ya santuri pale Thika, mtu anaweza kusamehewa madhambi mengi, lakini si la kukata katikati ya ukumbi wakati wenzake wanacheza. Ukitaka kwenda msalani unazunguka kando ya ukuta, polepole na kwa heshima, hata kama soda tatu zinakusukuma. Ukiingia na glasi mkononi hadi penye wachezaji, hakuna atakayekugombeza. Wote wataitazama tu hiyo glasi mpaka aibu yenyewe ikutoe. Sakafuni tunanyunyiza poda ya watoto ili viatu viteleze, na mama anayefagia ukumbi huo wa hoteli kila Jumatatu aliacha kitambo kuuliza ni watoto gani hao.

Tunakutana Jumapili baada ya kanisa, saa nane hadi saa kumi na mbili, watu wazima wenye magoti mabovu, kusikiliza muziki wa soul wa zamani kutoka kwenye santuri zenyewe. Simu haziruhusiwi. Wimbo ukiisha tunaipigia santuri makofi, kisha tunapanguza jasho kwa vitambaa ambavyo wake zetu walivipiga pasi kwa ajili ya ibada.

Sheria kubwa kuliko zote ni kwamba huulizi jina la wimbo. Mwenye santuri adimu hufunika lebo, ile karatasi ya mviringo iliyo katikati, kwa karatasi nyeupe, na juu yake huandika jina la uongo. Wenzake watausikia wimbo, wataucheza, watakosa usingizi, lakini hawatajua waanzie wapi kuutafuta. Watu wa nje wakisikia haya husema ni roho mbaya. Sisi tunaita adabu.

Kazi yangu ni kutunza stoo ya kiwanda kimoja huku Ruiru. Wiki nzima naandika jina la kila kitu kinachoingia na kutoka, hadi msumari, kwa hiyo labda Jumapili nilikuwa na haki ya kuficha kidogo. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba palikuwa na mwenzetu mmoja wa Kahawa Sukari, mhadhiri mstaafu mwenye suspenda nyekundu, zile kanda za mabegani za kushikilia suruali, ambaye kila Jumapili alikuja na kitu nisichokuwa nacho na kunitazama akikicheza. Niliumia. Santuri moja tu ndiyo iliyomnyamazisha, na kwa ajili ya santuri hiyo nilimfutia mwanamke jina lake, na mpaka leo sijaweza kulirudisha.

Niliipata Gatuanyaga. Kule kukavu kuna wenye mashamba wanaotundika santuri kuukuu kwenye vijiti ili zimetemete juani na kufukuza ndege kwenye mtama. Nilikuwa nimebebwa na bodaboda nikiwa na shughuli nyingine kabisa, nikaona sahani nyeusi kumi na kitu zikizunguka kwenye kamba. Nikamwambia kijana asimamishe pikipiki.

Sasa, mkusanyaji mwenye adabu haulizi santuri. Ukiitazama mara mbili tu, kitu kilichokuwa takataka asubuhi kinageuka urithi wa babu. Unauliza kitu kingine. Mimi huuliza jogoo wa mbegu. Mwenye kupalilia pale alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, mcheshi, na aliniambia mama yake ndiye mwenye kuku, ila ameenda mkutano wa akina mama kanisani. Tukachagua jogoo kwa nusu saa. Nilikagua kishungi, nikakagua makucha, nikampuliza manyoya kama mtu aliyezaliwa bandani. Jogoo alipokwisha kufungwa miguu ndipo nikauliza, huku nikitazama mawingu, kama zile sahani za ndege wana haja nazo.

Alicheka, akazikata kamba, akazitia guniani ziwe nyongeza. Zote zilikuwa zimejikunja kwa jua na hazikufaa hata kwa ndege. Kisha akakumbuka kwamba ndani ya nyumba kuna moja. Aliingia, akatoka na santuri ndogo iliyofungwa kwa kitambaa cheupe cha kichwani, kile cha kanisani, kilichokunjwa vizuri hadi mistari ya pasi ikaonekana.

“Hii ni ya mathe,” akasema. “Husema ati ni yeye anaimba humo. Hatuna hata kitu ya kuichezea. Beba tu.”

Nilikifungua kitambaa. Santuri haikuwa na mkwaruzo. Kwenye lebo ya kijani palikuwa na jina la wimbo, jina la bendi, na chini yake, kwa herufi ndogo za kiwandani, jina la mwimbaji, mwanamke. Nakiri kwamba nilielewa papo hapo. Hakuna mtu anayefunga kitu kwa kitambaa cha kanisani akiwa na nia ya kukigawa. Ningeweza kusema, ngoja mama arudi. Badala yake nilimrudishia kitambaa, nikamsifu jogoo tena, nikapanda pikipiki.

Nyumbani Gitothua, mke wangu alimtazama jogoo, akalitazama gunia, akauliza ni kipi kilichonunuliwa ili kuficha kingine. Tumeoana miaka mingi. Niliingia chumbani na kuiwekea santuri sindano.

Mwimbaji alikuwa msichana, hazidi miaka kumi na minane kwa sauti. Alianza chini, kama anayemsuta mtu aliye upande wa pili wa mlango, halafu akapanda, akakaa huko juu bila kuhangaika, akimngoja mpiga gitaa amfikie. Niliketi kitandani nikairudia mara saba. Nilisikia raha na nilisikia aibu, raha ikashinda.

Ofisini tuna gundi nzuri, lakini wenye ujuzi walikuwa wamenionya kwamba inakula lebo. Kwa hiyo nilichemsha uji mzito wa unga wa ngano, gundi tuliyotumia shule ya msingi, nikabandika karatasi nyeupe pande zote mbili. Nilijipongeza kwa uangalifu wangu. Juu ya karatasi nikaandika “Jogoo.”

Jumapili iliyofuata niliicheza. Mhadhiri alisimama katikati ya hatua, mguu mmoja ukiwa bado hewani, jambo ambalo lenyewe ni kosa. Alizunguka kando ya ukuta hadi mezani kwangu, akafungua mdomo, akakumbuka sheria, akaufunga. Mimi nilikuwa nikipangusa sindano kwa utulivu wa askofu. Miezi minane nilikuwa mfalme wa ukumbi ule, na usiku nilimwomba Mungu, kwa maneno hayo hayo, asije akaniletea duniani nakala ya pili.

Lakini mtu mwenye suspenda ana mifuko mingi. Siku moja aliingia na simu mfukoni ikiwa inarekodi, akaupeleka wimbo kwenye kundi la WhatsApp la waliosoma naye, akitaja ulikochezwa na kuuliza nani anaujua. Wale wakaupeleka kwa wengine, ukaingia kwenye kundi la kwaya, ukatoka, ukafika kwa akina mama wa kanisa Gatuanyaga. Wimbo niliokuwa nimeufungia ulifika nyumbani kwa mwenyewe kabla sijamaliza kujisifu.

Alikuja Jumapili, saa tisa, akiwa bado na sare ya kanisani na kitambaa cheupe kichwani. Mkononi alikuwa na chupa ya soda aliyokaribishwa mlangoni. Nyuma yake alikuja mwanawe, yule mcheshi. Mama hakuzunguka ukuta. Alikata katikati ya ukumbi, juu ya poda, kati ya watu waliokuwa wakizunguka, na chupa yake. Sote tukaitazama chupa. Haikumsaidia mtu, kwa sababu aibu hakuwa nayo.

“Bwana asifiwe,” akasema. “Nimeambiwa mko na mimi hapa.”

Mwanawe alikuwa ameniona. “Si huyu ni ule wa jogoo?” akauliza.

Tulimpa kiti, akatueleza bila haraka. Aliimba mara moja tu, na bendi ya hoteli, siku moja studio Nairobi, kisha akaolewa. Gramafoni ya mumewe ilikufa kabla watoto hawajapata akili. Tangu hapo, karibu miaka arobaini, kila alipowaambia kwamba sauti yake imo kwenye santuri walicheka, na siku hizi hata akiwakanya wajukuu kuhusu mambo ya shule wanamjibu, haya msanii. Santuri aliiweka akingoja, akiamini iko siku mtu mwenye mashine ya kuichezea angekuja. Hakutaka fidia, akasema, na hata santuri yenyewe tungeweza kubaki nayo. Alitaka mwanawe alisome lile jina kwa macho yake, na amwambie pole yeye mama akiwa bado na masikio ya kuisikia.

Kitu rahisi kama hicho. Niliichukua santuri nikaenda jikoni pa hoteli, nikaomba maji moto na kitambaa. Unga wa ngano huachia kwenye maji, kila mtoto anajua. Ulichoachia ni kila kitu. Karatasi yangu ilitoka na lebo ikatoka nayo, ikawa uji wa kijani vidoleni, na nilipojaribu kuutandaza kwenye meza ya mpishi hapakuwa na herufi hata moja. Kwenye plastiki palibaki namba zilizokwaruzwa kiwandani, ambazo si jina la mtu yeyote. Nilisimama pale mpaka mpishi akauliza kama nimeungua. Nikamwambia ndiyo.

Mama alipitisha kidole juu ya lile duara chafu. Hakunikemea. Akasema, “Basi wekeni, tusikie.”

Mhadhiri mwenyewe ndiye aliyeweka sindano. Msichana akaanza kumsuta mtu wake nyuma ya mlango, na yule mama, akiwa ameketi na chupa mapajani, akaimba naye. Sauti yake sasa ni nzito, imekula vumbi na kwaya za miaka mingi, lakini kila neno alilitangulia kidogo, na pale pa kumngoja mpiga gitaa alingoja. Hakuna aliyecheza. Nilitokwa na machozi, na sikuwa peke yangu. Nikadhani yameisha, kila mwenye masikio amejua.

Mwanawe alijikuna shingo hadi wimbo ulipoisha. “Mathe, hii wimbo umesikiza kwa simu wiki mbili,” akasema, wala hakusema kwa ubaya. “Maneno hata mimi nimeshika. Na hiyo ni sauti ya kasichana.”

Ndipo nikasimama. Nilimwambia kwamba niliiona lebo ikiwa nzima, kwamba jina lilikuwepo, limechapwa, na ni la mama yake. Nikalitaja, majina yote matatu, kwa sauti. Ilikuwa mara ya kwanza katika ukumbi ule mtu kutaja jina la mwimbaji wa santuri yake, na wenzangu wawili waliinamisha vichwa kana kwamba nimevua shati.

“Mzee,” yule mwana akaniambia, “siku ile ulisema umekuja kutafuta jogoo. Ukaangalia hadi makucha. Leo unasema ulikuwa unajua ni nini ulibeba. Sasa nikuamini ya leo ama ya siku ile?”

 

Nilitoa kalamu. Niliomba angalau niandike jina la mama pale palipobaki patupu, kwa mwandiko wangu wa stoo, ambao ni mzuri. Mama aliushika mkono wangu akaushusha.

“Wacha. Mkono wa mtu huandika chochote. Ile ilikuwa imechapwa.”

Alivua kitambaa chake cha kichwani mbele za watu, mama wa makamo yale, nywele zake nyeupe zikaonekana, akaifunga santuri kama ilivyokuwa siku ile nilipoipokea. Kisha akainuka nayo kwenda zake. Safari hii hakukata katikati ya ukumbi. Alizunguka kando ya ukuta, polepole, kama mmoja wetu.

Jogoo bado ninaye. Huwika anapojisikia, na majirani wa Gitothua wamenipa jina ambalo, kwa mazoea ya klabu, sitalitaja. Jina la mama pia silitaji hapa. Nilipomfuata Gatuanyaga kumwomba radhi aliniambia kwamba likirudi, lirudi limechapwa, na mwanawe aliyekuwa akipalilia akaniuliza kama nimekuja kuchukua na kuku.

Kwa hiyo natafuta nakala ya pili, ile niliyomwomba Mungu isiwepo. Nimeandika kwenye kila kundi la wakusanyaji ninalolijua, Ruiru, Thika, Nairobi. Nimetaja wimbo, bendi, mwimbaji, hata rangi ya lebo. Mhadhiri naye ameulizia kwa niaba yangu, baada ya kuhakikisha nimeumia vya kutosha. Ujumbe umesomwa. Naona zile alama mbili za buluu, safu kwa safu, na hakuna anayejibu.

Labda nakala haipo. Labda ipo, na mwenyewe ni mtu wa Jumapili kama mimi, ameifunika kwa karatasi nyeupe na kuipa jina la uongo, na sasa amesoma ujumbe wangu mara mbili na kuiweka simu chini. Simlaumu. Mwaka jana ningekuwa yeye, nisingejibu.